Nani Anaitumia Maktaba Hii?

Kila shirika lenye kompyuta kuu hufika siku ambayo mtu anauliza swali linaloonekana jepesi: programu hii tuliyoisakinisha inatumia maktaba zipi? Anayeuliza ana sababu zake. Mkataba wa leseni unakaribia kwisha, au diski zimejaa, au toleo jipya la mfumo linakuja na la zamani halina budi kuondoka. Jibu hutakiwa kabla ya chakula cha mchana, na kwa kawaida mchana hupita, na wiki nayo ikapita.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuikaribia mitambo hii: nazungumzia ukoo wa kompyuta ulioanza na System/360, ambayo IBM iliitangaza tarehe 7 Aprili 1964. Leo wengi wa ukoo huo wanaendeshwa na mfumo uitwao z/OS, na benki kubwa, kampuni za bima, mashirika ya ndege na idara za serikali katika nchi nyingi bado zinazitegemea kwa hesabu zao za kila usiku. Humo ndani programu haikai katika folda moja yenye jina lake. Imetawanywa katika maktaba kadhaa, kila moja ina jina lisilozidi herufi 44, na ndani ya kila maktaba mna moduli zenye majina yasiyozidi herufi nane. Bidhaa moja ina moduli katika maktaba nyingi. Maktaba moja nayo, mathalani SYS1.LINKLIB, imebeba moduli za sehemu nyingi za mfumo. Swali letu linaanza kuwa zito hapo.

Nimewaketisha watu watatu. Ni wa kutunga, ila hoja zao ni zile zile zinazosikika popote wanapokutana watu wa kazi hii. Mzee ni mhandisi wa mfumo. Binti ni mchambuzi wa rekodi za matumizi. Mkaguzi haigusi mashine; kazi yake ni kutia saini, na mtu wa kutia saini huogopa kuliko wote. Mimi nitaingilia nikishindwa kunyamaza.

MKAGUZI: Mzee, shikamoo. Sitaki somo. Nataka orodha: bidhaa upande huu, maktaba zake upande ule.

MZEE: Marahaba. Orodha ipo, tena ipo siku zote. Kitu hakiingii kihalali katika mfumo huu bila kupitia SMP/E, chombo cha kusakinisha. Kiraka kinapokewa, kinawekwa, kisha kinakubaliwa: RECEIVE, APPLY, ACCEPT. Kila hatua inaandikwa katika daftari liitwalo CSI. Daftari lina kanda za aina tatu. Ya kwanza ni ya jumla. Ya pili inahusu maktaba za uendeshaji, yaani zile zinazofanya kazi. Ya tatu inahusu maktaba za akiba, ambamo tunatunza nakala zilizokwisha kukubaliwa ili kiraka kikituharibia tuweze kurudi nyuma. Nitajie moduli yoyote. Nitakwambia ni ya bidhaa gani, kiraka gani kiliibadilisha mara ya mwisho, na imeunganishwa ndani ya programu ipi.

MKAGUZI: Na iko maktaba gani?

MZEE: Na maktaba pia. Daftari linaitaja maktaba kwa jina fupi, na ingizo liitwalo DDDEF ndilo linaloonyesha jina kamili na, pengine, diski. Unalifuata tu.

BINTI: Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo kwenye DDDEF ndipo ninapokukamata.

MZEE: Nikamate, mwanangu.

BINTI: Viraka haviwekwi kwenye diski inayoendesha mfumo muda huo huo. Mnanakili diski ya mfumo, mnaweka viraka kwenye nakala, kisha usiku wa Jumamosi mnauwasha mfumo upya kutoka kwenye nakala ile. Kwa hiyo SYS1.LINKLIB ziko mbili, tatu, pengine nne, zote jina moja, kila moja diski yake. DDDEF yako inaonyesha ile ya matengenezo. Mashine inasoma nyingine. Mkaguzi akichukua orodha yako leo, amechukua picha ya mfumo ambao bado haujawashwa.

MZEE: Ndiyo maana kila diski inanakiliwa pamoja na kanda yake. Diski hii, kanda hii.

BINTI: Inapaswa kunakiliwa. Mara ngapi umekuta kanda imeachwa nyuma?

Mzee hakujibu, nami namwelewa. Utaratibu wa diski na kanda kwenda pamoja ni mzuri, na unavunjika kila mara mtu anaponakili diski kwa haraka. Ila kuvunjika kwa utaratibu si hoja dhidi ya daftari, ni hoja dhidi ya walioliacha wazi. Hoja nzito ya Binti ilikuwa bado inakuja.

BINTI: Tuseme kanda ziko sawa. Daftari lako ni kama hati ya nyumba, linamtaja mwenye nyumba, wapangaji halina habari nao. Mkaguzi hajauliza bidhaa imewekwa wapi. Ameuliza inatumia nini, na nani anaitumia. Kazi ya usiku inapoita programu, mfumo unaitafuta kwa mpangilio. Kwanza unaangalia kama kazi yenyewe imekwisha kuipakia. Halafu STEPLIB, yaani maktaba zilizotajwa katika JCL (maelekezo ya kazi) ya hatua ile, na kama STEPLIB haipo, JOBLIB. Halafu eneo la LPA lililoko kwenye kumbukumbu. Mwisho kabisa, maktaba zilizopangwa kwenye LNKLST. Sasa mtu wa malipo aliandika STEPLIB miaka 20 iliyopita akiielekeza kwenye maktaba ya zamani ya COBOL. Wewe umeweka toleo jipya kwenye LNKLST, daftari lako linang'aa, na yeye kila usiku anaendesha la zamani kwa sababu STEPLIB inatangulia. CSI italijuaje hilo?

MZEE: Haitalijua.

BINTI: Mimi ninalijua. Mfumo unaandika rekodi za SMF. Faili ikifunguliwa ili isomwe, halafu ikafungwa, inaandikwa rekodi ya aina ya 14. Ikiwa ni ya kuandikwa, aina ya 15. Nachukua rekodi za mwezi mzima, nachuja majina ya maktaba, na ninapata kazi gani ilifungua nini, saa ngapi. Hiyo ndiyo orodha ya Mkaguzi.

MKAGUZI: Hii naipenda. Ina saa.

MZEE: Ina saa lakini ina matundu. Binti, STEPLIB yenye maktaba sita ikifunguliwa, rekodi zako zinasema nini? Zinasema zilifunguliwa. Moduli ilitoka ipi kati ya hizo sita? Huenda zote sita ziliguswa na hakuna iliyotoa kitu, programu ikapatikana LNKLST. Ukiniambia maktaba ile inatumika kwa sababu imefunguliwa, umenihesabia aliyepita mlangoni kuwa ni mgeni aliyekula.

BINTI: Nakubali. Ni dalili tu.

MZEE: Ngoja, sijamaliza. Maktaba za LNKLST zinafunguliwa na mfumo wenyewe unapowashwa, na zinabaki wazi. Juu yake kuna LLA, inayoshika fahirisi zao kwenye kumbukumbu, na moduli zinazoitwa mara nyingi huwekwa nazo kwenye kumbukumbu. Watumiaji elfu wakiita programu kutoka huko, hakuna anayefungua faili, na hakuna rekodi ya aina ya 14 kwa jina la yeyote kati yao. Wala mlinzi wa usalama haulizwi kama wana ruhusa ya kuisoma maktaba ile. Kwa rekodi zako, maktaba zenye kazi nyingi kuliko zote ndizo zitakazoonekana kama zimekufa.

Nilitaka kusimama hapa kwa sababu wengi huipita sehemu hii mbio. Watu huzichukulia rekodi za matumizi kuwa ushahidi usio na upande. Lakini rekodi ya aina ya 14 iliundwa ili kueleza habari za faili, haikuundwa kueleza habari za moduli. Ikisema "ndiyo", inasema kitu fulani kilifunguliwa. Isiposema kitu, haisemi "hapana". Zipo zana, za IBM na za kampuni nyingine, zinazojaribu kuziba pengo hili. Zinapitia maktaba zote kwenye diski, zinalinganisha moduli zilizomo na hazina ya utambulisho ili kujua bidhaa ni ipi na toleo gani, kisha zinanasa moduli zinapopakiwa. Ni msaada mkubwa. Hata hivyo zinajua tu yale yaliyotokea tangu zilipowashwa, na kuna kazi zinazoamka mara moja kwa mwaka, siku ya kufunga hesabu.

MKAGUZI: Basi tusubiri mwaka mmoja, kisha tufute kilichonyamaza.

MZEE: Kuna kitu kitakachonyamaza hata ukisubiri kumi. Binti, wewe ni mdogo, lakini umeisikia NORES?

BINTI: Nimeisikia kwa wakubwa.

MZEE: Katika COBOL za zamani, ukikusanya programu kwa NORES, taratibu za maktaba ya COBOL zinaunganishwa ndani ya programu yenyewe. Siku ya kuendeshwa haimhitaji mtu. Hakuna maktaba inayofunguliwa, kwa sababu imekwisha kuimeza. Sasa niambie: inaitumia maktaba ile au haiitumii? SMF itasema haiitumii. Lakini siku itakapopatikana kasoro katika taratibu zile na kiraka kuwekwa kwenye maktaba, programu ile itabaki na kasoro tumboni mwake mpaka mtu aiunganishe upya.

BINTI: Na daftari lako nalo halijui.

MZEE: Hapo umekosea. Kwa bidhaa zilizosakinishwa kwa SMP/E, ingizo la programu linaweza kubeba kipengele cha CALLLIBS, kinachotaja maktaba zilizotumika kujaza taratibu zake wakati wa kuunganisha. Tena kuna ripoti yenye jina hilo hilo, REPORT CALLLIBS, ambayo kazi yake ni kukwambia programu zipi ziunganishwe upya maktaba fulani ikibadilika. Hilo hulipati katika SMF hata ukichuja mpaka alfajiri.

BINTI: Kwa bidhaa za kununua. Na programu zetu wenyewe, zile maelfu zilizoandikwa hapa ndani? Ngapi zimo katika CSI?

MZEE: Hakuna hata moja.

BINTI: Na zile ambazo muuzaji alizituma bila SMP/E, kifurushi kimoja cha kufumua na kunakili?

MZEE: Hizo mimi huzikataa.

BINTI: Unazikataa, wanaziweka ukiwa likizo.

Nilicheka, na sidhani kama Mzee alichukia. Kwa programu hizo zisizo na daftari, ushahidi uko ndani ya moduli zenyewe. Chombo cha AMBLIST husoma alama zilizoachwa na kikusanyi na kiunganishi: lugha gani, toleo gani, tarehe gani. Ni kazi ya kuchosha, na watu huikwepa mpaka walazimike. Wengi walilazimika baada ya mwaka 2013, IBM ilipotoa Enterprise COBOL 5. Programu zilizokusanywa kwa toleo hilo haziwezi kukaa katika maktaba za muundo wa zamani, zinataka muundo wa PDSE. Kwa hiyo kabla ya kuhama ilibidi kwanza ujue programu zako zinaishi wapi, na nani anazisoma kutoka mfumo upi, kwa kuwa PDSE ina masharti makali zaidi pale inapotumiwa na mifumo kadhaa isiyo katika sysplex moja, yaani kundi moja la mifumo iliyounganishwa. Kuhama kwenyewe kulikuwa kunajulikana. Orodha ndiyo iliyokosekana.

MKAGUZI: Naona mnajibizana kuhusu usahihi. Mimi niseme kuhusu hatari. Nimepewa orodha ya APF, ya maktaba zenye idhini ya kufanya mambo makubwa ndani ya mfumo. Nikachukua majina yote nikayalinganisha na diski. Baadhi ya majina hayana maktaba. Zilifutwa, jina likabaki. Mzee, hilo ni kosa la kuandika tu?

MZEE: Hapana, Bwana Mkaguzi. Hilo ni baya.

MKAGUZI: Mweleze Binti.

MZEE: Idhini ya APF inafuata jina na diski. Maktaba ikifutwa na ingizo likabaki, mtu mwenye ruhusa ya kutengeneza faili kwenye diski ile anaweza kutengeneza nyingine yenye jina lile lile. Maktaba yake mpya inarithi idhini. Anaweka humo programu yake, na programu hiyo ikiwa imeunganishwa kwa alama inayotakiwa, inapata mamlaka ya kujiondoa chini ya ulinzi wote.

BINTI: Basi hiyo inaonyesha kwamba kuondoa vitu visivyotumika ni jambo la usalama. Na ili kuviondoa unahitaji rekodi zangu.

MZEE: Inaonyesha kinyume. Aliyeifuta maktaba alikuwa na hakika haitumiki, na alikuwa sahihi! Hakuitazama orodha nyingine. Maktaba haiishi kwenye diski peke yake. Imo katika katalogi, katika CSI, katika APF, katika LNKLST, katika JCL za watu, katika sheria za RACF, yule mlinzi wa usalama. Ukiiondoa sehemu moja tu, umeacha mlango.

Kama ningelazimika kutaja hoja moja iliyonifanya nielemee upande wa Mzee, ni hii. Binti anaeleza matumizi kama tukio, na tukio lina ushahidi wake. Mzee anaieleza maktaba kama kitu chenye mafungamano, na mafungamano hayaonekani kwenye tukio lolote moja. Uamuzi wa kuondoa kitu unategemea mafungamano. Ila Mzee naye ana deni, maana analisifu daftari kana kwamba linajijaza lenyewe, na nusu ya mafungamano aliyoyataja, pamoja na JCL na sheria za RACF, CSI haiyashughulikii kabisa.

BINTI: Mzee, Juni 2012 kule Uingereza. RBS, NatWest na Ulster Bank. Waliboresha programu inayopanga kazi za usiku, wakaona matatizo, wakaamua kurudi kwenye toleo la zamani. Kurudi kwenyewe ndiko kulikoangusha kila kitu, kwa sababu jipya na la zamani hayakupatana, na hawakujaribu kwanza. Wateja wasiopungua milioni 6.5 waliathirika, na Novemba 2014 wasimamizi wa fedha wakatoza faini ya jumla ya pauni milioni 56. Daftari lingewaokoa?

MZEE: Sijui kama hilo ni tatizo la maktaba. Usilitie katika kesi yetu kwa nguvu.

BINTI: Silitii. Nasema wewe husifu SMP/E kwa sababu ina njia ya kurudi nyuma. RESTORE. Daftari litakwambia kila moduli imerudi mahali pake. Halitakwambia kama data iliyokwisha kuguswa na toleo jipya itakubaliwa na la zamani.

MZEE: Hiyo ni kweli, na wala si mimi niliyesema daftari linajua data.

Pesa sikutaka iingie, kwa kuwa ikiingia humeza mazungumzo yote, lakini Mkaguzi hakuwa amekuja kwa ajili ya APF peke yake. Alitaka kujua kama rekodi za aina ya 89, ambamo bidhaa zinazojiandikisha huacha alama ya matumizi, zingempa orodha yake. Hizo ni miongoni mwa rekodi zinazolisha ripoti ya SCRT, inayohesabiwa kuanzia tarehe 2 ya mwezi mpaka tarehe 1 ya unaofuata, na ambayo IBM huitumia kutoza ada za bidhaa zake nyingi. Jibu ni kwamba zinataja bidhaa, hazitaji maktaba, na bidhaa isiyojiandikisha haimo. Zinafaa kwa ankara, na kwa ankara tu.

MKAGUZI: Sawa. Sasa nisaidieni. Kuna maktaba moja ya toleo la zamani, imo APF, imo kwenye STEPLIB za watu fulani, na daftari linasema bidhaa yake imekwisha kuondolewa. Nitie saini ifutwe?

BINTI: Rekodi za miezi mitatu zinaonyesha kazi nne zinaifungua.

MZEE: Kuifungua au kuisoma?

BINTI: Kuifungua. Nimeanza kutazama moduli zenyewe. Kazi mbili kati ya hizo zinapata programu yao kwenye maktaba ya kwanza katika STEPLIB, hii haifikiwi. Mbili sina hakika.

MZEE: Basi usitie saini ya kufuta. Tia saini ya kubadilisha jina, baada ya kuitoa kwenye STEPLIB za kazi zote nne, maana kazi inayotaja maktaba isiyokuwepo huanguka hata kama haiihitaji. Zile kazi mbili zikianguka, tutajua usiku huo huo, na tutarudisha jina na STEPLIB zake papo hapo. Zisipoanguka, tunasubiri mpaka hesabu za mwaka zifungwe.

MKAGUZI: Na APF? Jina la zamani litabaki humo bila maktaba. Umetoka kunieleza kuwa hilo ni baya.

MZEE: Ingizo la APF linatoka kwanza, kabla ya jina kubadilishwa. Kwa amri leo, na katika mipangilio ya PROGxx pia, la sivyo litarudi mfumo ukiwashwa upya.

BINTI: Ukiitoa APF na mojawapo ya zile kazi mbili inaitegemea idhini, itaanguka kwa sababu hiyo, nasi tutadhani ni jina.

MZEE: Kwa hiyo siku mbili tofauti. Jumanne APF, wiki inayofuata jina.

MKAGUZI: Nani anaandika haya, na anayaandika wapi?

Walitazamana. CSI haina mahali pa kuandika kwamba maktaba imebadilishwa jina ili kusubiri Desemba, na SMF haiandiki makusudio ya mtu. Binti akasema atafungua faili lake. Mzee akataka liwekwe kwenye maktaba ambayo watu wote wa zamu wanaweza kuisoma, na jina la aliyeamua liwe mstari wa kwanza.